Siku Picha ya Mkurugenzi Ilipowatangulia Vifaranga

Nyinyi vijana, mkiona kile kiduara kinazunguka kwenye simu kwa sekunde nne tu, mnalalamika kana kwamba mmenyimwa chakula. Juzi binti wa jirani yangu hapa Noonkopir, Kitengela, alirusha simu yake kwenye kochi kwa sababu video ya harusi ilikataa kufunguka. Nikamwambia, "Mwanangu, keti kidogo nikueleze kinachoendelea huko ndani." Akasema, "Babu, ukianza kueleza tutalala hapa," akaenda zake. Ndiyo maana nawaandikia. Karatasi haikatizwi.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupanga foleni. Si foleni ya watu. Watu hujipanga wenyewe, na hujipanga vibaya. Nilipanga foleni ya mafaili. Nilifanya kazi katika kampuni ya kupitisha mizigo mpakani. Makao makuu yalikuwa Kitengela, juu ya duka la mabati na misumari, na tawi letu lilikuwa Namanga, hatua chache kutoka kwa kizuizi cha forodha. Lori likitoka huku, karatasi zake zilitakiwa kule. Wakati huo, miaka ya tisini ikielekea kwisha, tulikuwa na kompyuta moja huku, moja kule, na kati yao laini ya simu moja tu.

Nasema moja, na naomba mlielewe neno hilo, maana hadithi yote inakaa ndani yake. Waya uliobeba sauti ndio uliobeba mafaili. Kompyuta ya Kitengela ilipiga simu Namanga, zikapigiana miluzi kama mbuni wawili wanaogombana, kisha faili likaanza kupita polepole. Ukitaka kuzungumza, faili halipiti. Na mtu yeyote wa upande wowote akiinua mkono wa simu wakati faili linapita, kwisha. Lilikatika. Mashine ilingoja dakika tano, ikapiga tena, na ikaanza faili lile lile kutoka mwanzo. Hata kama lilikuwa limebakisha ukucha, lilirudi mwanzo.

Hapo nilijifunza somo langu la kwanza, na nililijifunza kwa aibu. Kwa muda wa wiki tatu, kila asubuhi ifikapo saa mbili na robo, faili lilikatika. Halikukosa hata siku moja. Nilimwandikia Mkurugenzi ripoti ndefu kuhusu unyevu wa asubuhi kwenye nguzo za simu za Isinya. Nilichora hata mchoro. Kumbe mama wa usafi kule Namanga alikuwa mtu mwadilifu sana: kila asubuhi, saa mbili na robo, aliinua mkono wa simu akaupangusa vumbi. Aliyegundua ni Nasieku, karani wetu wa Namanga.

Nasieku alikuwa mzaliwa wa Bissil, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mwenye ulimi mrefu kuliko barabara ya Namanga. Alinisalimu kwa Kimaa, "Supa, Bwana Wekesa. Ule unyevu wako nimeuona. Uko na kitambaa na leso ya kichwa." Tangu siku hiyo, kila nilipoanza kueleza jambo kwa urefu, aliuliza, "Hii ni maelezo ama ni unyevu?"

Kwa hiyo somo ni hili, na ni la bure: kabla hujalaumu mtambo, uliza nani anaupangusa.

Sasa nije kwenye foleni yenyewe. Mwanzoni mafaili yalikwenda kwa mpangilio wa kufika, kama watu wanaongoja kusagiwa unga posho mill. Haukupita mwezi, wakubwa wa ofisi wakaanza kuandika neno HARAKA mwanzoni mwa jina la faili ili niliweke mbele. Karibu kila mtu akaandika HARAKA. Basi wengine wakaandika HARAKA SANA. Siku moja nilipokea faili lililoitwa HARAKA SANA KABISA; nikasimamisha kazi zote, nikalituma, na baadaye nikalifungua nione moto uko wapi. Lilikuwa orodha ya watu wa Namanga wanaokunywa chai bila sukari.

Nyinyi mnacheka, lakini nimeona barua pepe zenu. Kila moja ina alama nyekundu.

Nilipochoka na kelele, nilifanya kosa kubwa kuliko yote, na nililifanya kwa adabu. Niliamua kupanga foleni kwa cheo. Faili la Mkurugenzi kwanza, kisha la meneja, kisha la wahasibu, na mwisho kabisa makaratasi ya wateja, ambao hawakuwa na cheo chochote ila kutulipa mishahara. Niliona ni busara. Kwetu chai humfikia mkubwa kwanza, na viti vya mbele vya kila sherehe vinajulikana ni vya akina nani. Ugomvi uliisha siku hiyo hiyo. Mkurugenzi alinishika bega akasema, "Wekesa, wewe unaelewa utaratibu." Meneja akanipa kiti chenye magurudumu.

Nasieku peke yake ndiye aliyepiga simu kulalamika. "Kwetu kisimani," aliniambia, "ndama wanakunywa kwanza. Unajua ni kwa nini?"

"Kwa sababu ni wadogo, mnawahurumia."

"Hatuhurumii mtu. Ndama anakunywa kidogo anatoka. Kundi la ng'ombe mia likitangulia, ndama atakufa akiangalia mikia."

Nilimwambia kompyuta si kisima. Nikamweleza tofauti yake kwa robo saa, na mwishoni akauliza kama huo ulikuwa unyevu.

Kabla sijafika mbali, niwape ufundi mliokuja kuutafuta. Faili kubwa libane kwanza. Mashine inajua kukunja kurasa tupu kama nguo za kwenye sanduku. Likibaki kubwa, likate vipande, ili waya ukikatika upoteze kipande kimoja badala ya safari nzima. Kila kipande kikifika, linganisha ukubwa wake pande zote mbili, maana faili lililopungua halina haya, linakaa pale kama zima. Na usifuate wengine kwenye saa wanayodhani ni nzuri. Sisi sote tulikuwa tukirundika kazi saa kumi na moja jioni, kila mtu akisema laini itakuwa huru akishaondoka, na kumbe kila ofisi ya barabara hiyo ilifikiri hivyo hivyo. Saa nzuri ya Kitengela ilikuwa saa saba mchana, wakati watu wenye simu wako kwenye nyama na mikono yao ina mafuta.

Haya yote niliyajua. Niliyajua vizuri sana asubuhi ile ya vifaranga.

Mama Njoki alikuwa jirani yetu hapa Noonkopir, mjane, mtu wa Murang'a, aliyetotoa kuku nyuma ya nyumba yake kwa mashine aliyoiunda fundi wa friji. Kwa miaka miwili aliuzia majirani. Kisha akapata mteja Longido, ng'ambo ya mpaka, aliyetaka maboksi ishirini ya vifaranga wa siku moja. Alituambia mteja huyo amesema wazi: wakifika wazima atakuwa wake wa kila mwezi, na wakifika wamekufa asimpigie simu tena. Mzigo huo ulikuwa wa kwanza.

Lori lilitoka Kitengela alfajiri. Dereva alikuwa Kioko, mtu mpole aliyezungumza na gari lake kama mke. Lakini gari lake la kawaida lilikataa kuwaka asubuhi hiyo, akachukua jingine, na cheti cha daktari wa mifugo kilikuwa na namba ya gari la kwanza. Ofisa wa mpakani alitazama namba ya cheti, akatazama lori, akasema hapana. Saa mbili na nusu Nasieku akapiga: kinahitajika cheti kipya, nakala safi inayoonyesha muhuri. Faksi haikukubalika, kwa sababu mashine yetu ya faksi kule Namanga iligeuza kila muhuri kuwa doa jeusi.

Mama Njoki alimkimbilia daktari wa mifugo hapa hapa Kitengela, na saa tatu na robo alikuwa mbele ya meza yangu akiwa na cheti kipya na kijasho.

"Bwana Wekesa, nisichukue tu gari nikipeleke mwenyewe?"

Nikacheka. Naomba mliandike hili mahali: nikacheka. Nikamwambia, "Mama, huo ni mwendo wa saa mbili na nusu barabarani. Kwa kompyuta ni dakika mbili." Nikamkalisha, nikamwitishia chai, nikamweleza modemu ni nini, tangu mwanzo. Alisikiliza kwa heshima. Nikapitisha cheti kwenye skana, likatoka faili dogo safi, nikaliweka kwenye foleni.

Na foleni ilikuwa na mtu mbele.

Mtu huyo alikuwa Mkurugenzi. Si yeye mwenyewe. Yeye alikuwa ameondoka kwenda Matasia kuangalia ploti, mahali ambapo simu yake ya mkononi, ya pekee katika kampuni, haikushika mtandao. Iliyokuwa kwenye waya ni picha yake. Alikuwa ameamua kila tawi litundike picha ya Mkurugenzi ukutani, na tawi tulilokuwa nalo ni moja. Alipiga picha studio akiwa na tai na kalamu mkononi, akataka itumwe Namanga ichapishwe kwa printa mpya ya rangi iliyonunuliwa kwa kazi hiyo tu. Lilikuwa faili kubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Nilipendekeza tulibane.

"Nasikia mkibana makaratasi huko," alisema. "Mimi sibanwi."

"Basi tulikate vipande, Mkurugenzi. Litaungwa kule."

"Wekesa. Unikate vipande?"

Basi picha ilikwenda nzima. Ilianza saa tatu kamili, na kwa hesabu yangu ingehitaji zaidi ya saa tatu, kama hakuna atakayeinua mkono wa simu.

Ningeweza kuisimamisha. Hapo ndipo nataka mnitazame vizuri. Kidole changu kilikuwa juu ya kibodi. Cheti cha dakika mbili, kisha picha iendelee. Lakini utaratibu niliutunga mimi, cheo ni cheo, na mwenye cheo hakuwepo kuniruhusu. Nikamwambia Mama Njoki, "Subiri kidogo."

Saa nne laini ikakatika. Nasieku alikuwa ameinua mkono wa simu makusudi, akawahi kunipigia kabla mashine haijapiga tena.

"Cheti kiko wapi? Jua linapanda. Kioko amefungua milango yote, anawapepea na kadibodi."

"Kiko kwa foleni. Nyuma ya Mkurugenzi."

"Mkurugenzi anakuja?"

"Picha yake."

Akasema, "Ikipishe cheti."

"Siwezi bila ruhusa. Na sasa umeikata, Nasieku, itaanza mwanzo!"

Na ikaanza mwanzo. Mnaona mtego huo? Kila tulipozungumza kuhusu haraka, tulirudi nyuma. Alipiga tena saa tano kasoro. Picha ikaanza upya. Mimi nikamlaumu kwa kukata. Yeye akanilaumu kwa mambo ambayo sitayaandika, mengine kwa Kimaa, na sikuhitaji tafsiri. Mama Njoki aliketi kwenye kile kiti changu chenye magurudumu, mikono magotini, akitazama mshale kwenye skrini ukitambaa. Chai yake ilikuwa na utando.

Saa tano na nusu simu ikalia mara ya tatu. Safari hii Nasieku hakunisalimu. "Mpe Mama simu."

Nikampa. Baadaye nilijua alichofanya kule: lori lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha la ofisi, na yeye alinyoosha waya wa simu hadi mwisho wake, akautoa mkono wa simu nje ya dirisha. Mama Njoki alisikiliza. Hata mimi niliyekuwa hatua mbili kutoka kwake nilisikia: mlio mwembamba mwembamba wa vifaranga elfu mbili, kama mvua kwenye mabati mbali sana.

Kisha sauti ya Nasieku. Alikuwa akipaza sauti, niliisikia. "Umesikia hao, Mama? Hao ni wa nyuma. Sasa nasogeza simu mbele, kwa walio juani." Na mlio ukapungua. Haukuisha. Ulipungua, na pengo lake lilisikika.

Mama Njoki alirudisha mkono wa simu mahali pake taratibu, kama mtu anayefunika chungu. Akanitazama.

"Toa huyo mtu kwa waya," alisema.

Nilimtoa. Vitufe vitatu. Cheti kikaenda kwa dakika mbili, kama nilivyoahidi saa tatu na robo. Kikachapishwa, kikagongwa muhuri, na saa sita kasoro lori likavuka. Wanawake wauza shanga walikuwa wamesimama wamelizunguka, wameinua shuka zao juu kuwakinga vifaranga na jua. Mzigo ulifika Longido ukiwa na maboksi kumi na nane mazima. Mawili hayakuwa na cha kufikisha.

Hesabu ndogo ya mwalimu mvumilivu: kama Mama Njoki angechukua gari saa tatu na robo, bila kunywa chai yangu na bila kujua modemu ni nini, cheti kingefika wakati huo huo. Na kama ningelitanguliza dogo, kingefika kabla chai haijapoa.

Saa kumi jioni Kioko alirudi na yale maboksi mawili. Mkurugenzi naye alikuwa amerudi kutoka Matasia, viatu vyake vina udongo mwekundu, akiuliza kama amefika Namanga.

"Hujafika, Mkurugenzi. Nilikutoa kwa foleni."

"Ulinitoa. Nani akapita?"

"Kuku."

Sijui angesema nini. Mama Njoki aliingia bila kubisha, akaweka maboksi yale mezani pa Mkurugenzi, juu ya diari, akayafungua. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayetambulisha wageni.

"Hawa walikupisha, Mkurugenzi. Ulikuwa unapita."

Mkurugenzi alivitazama vile viumbe vya manjano. Kisha akaitazama kalamu yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kupishwa, na kuna ugonjwa ndani ya hilo. Baada ya wiki moja nilipata bahasha kutoka kwake. Ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya onyo, kwa kubadilisha ratiba bila idhini. Ya pili ilikuwa idhini ya kubadilisha ratiba. Nimezihifadhi zote mbili pamoja.

Tangu siku hiyo foleni yangu ilikuwa hivi: dogo kwanza, ila linalongojewa na kitu chenye uhai litangulie hata dogo. Kubwa lisilo na haraka, hata liwe la nani, lingoje saa ya nyama, likatwe vipande, au, na hili mlisikilize vizuri nyinyi mnaopakia kila kitu hewani, lisipite kwa waya kabisa. Kila siku tulikuwa na lori linalokwenda Namanga. Lori lina nafasi kubwa kuliko waya wowote. Tulipaswa kutuma cheti kwa waya na picha kwa lori. Sisi tulifanya kinyume, tukaita maendeleo.

Picha nayo? Kule Namanga kulikuwa na mabaki yake, yaliyofika kabla ya mkato wa mwisho: nywele, paji la uso, na macho mpaka nusu ya pua. Nasieku aliyachapisha, akayabandika juu ya birika. Wageni wakiuliza, aliwajibu, "Ndiye bosi. Bado anakuja."

Mteja wa Longido alimpigia Mama Njoki simu mwenyewe. Maboksi kumi na nane yalikuwa yametosha kumshawishi. Asubuhi ya mzigo wa pili, Mama Njoki alikuja ofisini na cheti mkononi, namba ya gari ameihakikisha mara tatu. Akaiona picha ya Mkurugenzi, sasa imechapwa Nairobi na kutiwa fremu pana yenye dhahabu, imeegemea ukuta ikingoja njia.

"Nipe huyo," aliniambia. "Mimi nitamfikisha."

Kioko aliniambia jinsi Mkurugenzi wa fremu alivyosafiri. Walipopita Bissil jua likaanza kuingia kwa pembeni, likayapiga maboksi ya mlangoni. Mama Njoki akasimamisha lori, akachukua ile fremu, akaisimamisha pale penye jua, uso nje. Mkurugenzi akafika Namanga saa nne asubuhi, hajabanwa wala kukatwa hata unywele mmoja, ananuka kuku kidogo, na nyuma yake maboksi ishirini yanalia yote.